Tairi za Nyuma na Fowili

Miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, Bariadi ilipata vijana wenye fedha za ghafla. Miongoni mwao walikuwa Machibya, mchumba wa Klementina, na Masele, binamu yake Machibya. Kila mmoja aliagiza gari la mbio kutoka Japani, mtumba, lililolala chini kama mjusi. La Machibya lilisukumwa na tairi za nyuma tu. La Masele lilikuwa fowili, tairi zote nne zikifanya kazi.

Ubishi ukaanzia hapo.

"Za nyuma zisukume, za mbele zielekeze," Machibya alisema. "Lako kwenye kona linang'ang'ania kwenda mbele tu."

"Umewahi kuona ng'ombe anavuta plau kwa miguu miwili?" Masele alimjibu.

Klementina alizipenda tairi za nyuma. Kiangazi, barabara ya Nkololo, Machibya alikata kona mkia wa gari ukiyumba kama kiuno cha mcheza ngoma, naye Klementina akicheka mpaka machozi.

Siku ya harusi walitoka kanisani Bariadi kuelekea kwa wazazi wa Machibya, Nkololo. Mvua ikawakuta mbugani. Tairi za nyuma zikazunguka zikijichimbia udongo mweusi, mpaka gari likakaa kwa tumbo. Masele aliyewafuata akasimama kando yao. Lake lilikuwa linatambaa, lakini linakwenda.

"Shemeji, panda huku," alisema.

"Mke wangu hafiki kwetu na gari la mtu," Machibya alikataa, suti imejaa tope.

Klementina akavua viatu, akakusanya shela mkononi. "Mama yako ananingoja mimi, hangoji gari. Twende wote."

Machibya akafunga mlango wa gari lake taratibu na kumshika mkono. Nkololo, mama mkwe alimwosha Klementina miguu kwa maji ya moto, akimwita mayu, yaani mama.

Bei ya pamba ilipoanguka, magari yote mawili yaliuzwa. Masele alihamia Mwamanyili kulima mpunga, na huko ndiko alikozikwa.

Siku hizi gari likinguruma barabarani, Machibya huinua kichwa. "Hilo tairi za nyuma," husema, kisha hukaa kimya kidogo, kama anayesubiri kubishiwa. Klementina hakipendi kimya kile.

"Fowili ni bora," humwambia, na mumewe husogeza kiti karibu, aanze kumweleza upya.