Kasuku na Fulana ya Kampuni

Asubuhi ya leo nilikuwa nafua soksi za shule bombani, hapo nje tu ya ua wetu. Mama akanicheka. "Utazifua mpaka zitoboke? Nenda kamsubiri mwenzio." Nikasema simsubiri mtu. Mama akaguna tu.

Mwenzangu ni Kasuku. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Kabla kampuni ya sabuni haijatuletea mabomba, tulikuwa tunakwenda wote kisimani kila asubuhi, yeye anaongea, mimi nasikiliza. Kule watu hawakupanga foleni, yalipanga madumu. Unaweka dumu lako, unafunga kitambaa kwenye mkono wake lijulikane ni la nani, unakwenda kukaa. Hakimu alikuwa jirani yetu, Bi Foleni. Ukisogeza dumu la mtu, unasemwa wewe, mama yako, na huyo atakayekuja kukuoa.

Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai, na mdogo wangu tumbo halikupoa. Siyatamani. Natamani ule ukuta tuliokuwa tunakaa na Kasuku, baridi kali, sweta moja, mkono mmoja kavaa yeye na mwingine mimi.

Siku ya kufungua mabomba kampuni ilikuja na viti na kamera. Mabomba sita, yanameta. Sisi tukapanga madumu yote nyuma ya bomba moja, vitambaa juu, tukaenda zetu kivulini. Mkubwa wa kampuni akashangaa. "Mbona hawachoti?"

Bi Foleni akamwambia, "Subira, baba. Zamu haijafika."

Kasuku alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akashika kipaza sauti, akawaeleza wageni habari yote ya madumu, nao wakacheka mpaka machozi. Haukupita muda kampuni ikamchukua, ikampeleka chuo kusomea ufundi wa maji. Baba mdogo akasema, "Maji wametuletea ili tununue sabuni. Na kasuku wetu wamembeba kama nyongeza."

Tangu aondoke nilikuwa najiuliza jambo moja tu: bado ni rafiki yangu, au nimebaki mtu wa kule alikotoka?

Leo kaja na gari la kampuni, wanapiga picha kuonyesha mabomba yanavyotusaidia. Kashuka na fulana yao, kapendeza. Nikajibanza nyuma ya Bi Foleni.

"Toka huko," akanisukuma. "Mgongo wangu si mlango."

Kasuku akanipa mkono, vile wanavyopewa wageni. Kamera ikawashwa. "Karibu, dada. Kabla ya mradi huu, maji yalikuwa yanapatikana wapi?"

Nikamtazama. "Si unapajua?"

Watu wakaangua kicheko. Mpiga picha akasema turudie. Kasuku akanisogelea sikioni, na hapo ndipo niliposikia sauti yake yenyewe, ile ya ukutani. "Jibu tu, bwana. Leo wananipima kama nafaa kuwasemea kwenye kamera. Nikiharibu, kazi sipati."

Mimi, ambaye hata mwalimu akiniita natazama viatu, nikainua uso. Nikaeleza kisima, madumu, tumbo la mdogo wangu, yote, mbele ya mtaa mzima.  Nilipomaliza mpiga picha akainua kidole gumba. Kasuku akasema, "Asante, dada," akahamia kwa mama muuza mkaa. Baadaye gari likaondoka, naye hakupita nyumbani. Mama alikuwa kamwekea chakula. Kakifunika, kakifunua, mwisho kampa mdogo wangu.

Sasa wote wamelala, mimi nina simu ya mama. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nimetuma hivi: "Kazi wamekupa? Hata kama hawajakupa, likizo njoo ulale kwetu."

Tiki zimegeuka bluu. Kasoma. Nimeiweka simu kifuani, na mpaka sasa haijalia.