Doa Nyuma ya Kiti cha Zabron

...na kama hii ni dhahabu basi ni dhahabu iliyougua, aliwaza Restuta, amesimama mlangoni mwa sebule na kikombe cha chai mkononi, kuta tatu zimeshapakwa na zote zinamtazama kwa rangi ile nzito iliyofifia, ya dengu zilizolala, sijui haradali, sijui togwa la juzi, Bwana nisamehe, marehemu aliichagua mwenyewe na makopo yakakaa chini ya kitanda mpaka tukamzika, "Bamayo, nipige msasa?" aliuliza Osea, fundi wa kutoka Nakonde, ambaye humwita kila mama hivyo, kwa Kibemba na kwa adabu, msasa ameushika karibu kabisa na doa, doa la kichwa cha Zabron, jeusi, la mviringo, linang'aa nyuma ya kiti chake, miaka yote mzee anarudi kutoka kanisani, anakaa, anaegemeza kichwa kilichojaa mafuta ya mgando, na yeye Restuta nyuma yake na kitambaa na sabuni ya unga, Baba Boazi, ukuta si mto, naye anajibu polepole bila kufumbua macho, ukuta huu nimeujenga mwenyewe, mke wangu, hauwezi kuninyima... na leo doa alilolipigia vita limebaki peke yake kwenye ukuta wa mwisho na mtu anauliza kama alifute, "Pakiwa na mafuta rangi haishiki, bamayo," ndiyo, amesikia, masikio hayajazeeka, na wanajumuiya wanakuja Alhamisi kusali, mchungaji atakaa wapi, macho atayaweka wapi, "Wifi, mwambie aongeze nyeupe!" Marta alipaza sauti kutoka jikoni, "kaka yangu alitaka kutufungulia baa humu ndani!" na kweli, bado taa nyekundu tu... Mungu wangu, amecheka, mjane anacheka mbele ya fundi, alijiziba mdomo kwa kitenge lakini kicheko kilikuwa na Zabron ndani yake, Zabron kwenye duka la rangi la Sufiani, siku ile ya aibu, anavua kofia mbele za watu na kusugua kisogo kwenye vibao vya mfano, kimoja baada ya kingine, cheupe, cha maziwa, cha bluu, Sufiani analia, mzee wangu, unaniharibia vibao, subiri kidogo, shehe, subiri, na yeye Restuta akatoka nje kujifanya anatazama foleni ya malori, akidhani ni upele, au uzee umeanzia juu, aliporudi kofia iko mahali pake na mzee anatabasamu, hii hapa, mama, hii haitatugombanisha, naye akanuna njiani mpaka nyumbani Chapwa, hakuuliza, haitatugombanisha kivipi rangi mbaya hivi... chai ilitulia kikombeni... haionyeshi mafuta, kibao kile hakikuonyesha mafuta, mzee hakuwa anajikuna, alikuwa anapima, alikuwa anamtafutia mkewe mapumziko, aachane na kitambaa kile, na akafa kabla hajaegemea hata mara moja, "Bamayo?" msasa bado uko hewani, Marta bado anataka nyeupe, Bwana, mzee alikuwa na siri tamu namna hii nami nikamnunia njia nzima... alifute, basi, alifute lote na apake rangi ileile, asiongeze nyeupe, na kiti kirudi palepale, mchungaji atafute kingine, kwa maana Jumapili baada ya ibada atakaa yeye Restuta, atafungua kilemba, ataegemea, na nywele zake nazo, Mungu ashukuriwe, zina mafuta ya kutosha.