Siku Mashine Ilipofunguliwa Hewani

Ghalani walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuonekana bila bisibisi nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake. Kazi yake katika Tume ya uchaguzi ilikuwa kukagua mashine za kupigia kura kabla hazijapelekwa vituoni. Hakuwa mwanamke wa makuu, na siku alipoona kasoro hakupiga kelele. Alijaribu mara ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi. Kila mashine ilikuwa na kifuniko kidogo ubavuni, na vifuniko vyote vilifunguka kwa ufunguo wa aina moja, ule ule wa makabati ya ofisini. Ndani mlikuwa na kadi inayotunza hesabu ya kura. Ukiitoa ukaweka nyingine, mashine haikuuliza wala kuandika popote kwamba imeguswa.

Alimwandikia mkuu wake barua. Kimya. Akaandika ya pili, akaambiwa aache kimbelembele. Ndipo akaenda kwa shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa mhariri wa gazeti lililosomwa kuliko yote mjini. Alimkaribisha ofisini, akafunga mlango, akasoma nakala za barua zote mbili, seti mbili alizokuja nazo, kisha akamwambia karani azigonge muhuri wa kupokelewa. Akatia saini yake mwenyewe, akabaki na seti moja na kumrudishia nyingine.

"Hii ni habari," alisema. "Niachie mimi. Jina lako halitatoka humu ndani. Wewe ni damu yangu."

"Mimi si damu yako, shemeji. Ni damu ya mkeo."

"Basi ndiyo zaidi."

Baada ya siku tano picha yake ilitoka ukurasa wa mbele. Ilikatwa kutoka picha ya harusi ya dada yake. Ukitazama vizuri uliona mkono wa bibi harusi bado uko begani kwake. Juu iliandikwa kwa herufi nene: FUNDI MWENYE KINYONGO AZUSHA UONGO. Habari yenyewe ilisema hakuna barua yoyote iliyowahi kuandikwa, na kwamba mwanamke huyo alinyimwa cheo akaamua kuichafua Tume. Kuanzia wiki ile, matangazo yote ya Tume yalitoka katika gazeti hilo peke yake.

Bisibisi alifukuzwa kazi. Alihojiwa siku mbili na watu waliomuuliza ametumwa na nani. Mama yake, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama mtaani, alifika mkutanoni akakuta kiti chake kimekaliwa na mwingine. Alirudi nyumbani, akavua viatu, na tangu siku hiyo hakwenda tena kikundini.

"Naye ana wakubwa wake," dada alimtetea mumewe kwenye simu. "Usimchukie."

Bisibisi alikata simu. Alifungua kibanda cha kutengeneza redio na pasi, akanyamaza kama maji ya mtungini. Waliomfahamu walidhani amesahau.

Mwaka wa pili, shemeji alipewa kipindi cha asubuhi kwenye televisheni ya kampuni ile ile ya gazeti. Alikuwa na sauti nzuri na alipenda kusomewa ujumbe wa watazamaji. Kila wiki ulikuja ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita Mlipakodi. Mwanzoni ulimsifu. Kisha ukaanza kumchokoza kidogo kidogo: uchaguzi umekaribia, watu wananong'ona, kwa nini mtangazaji hodari kama wewe usiilete mashine yenyewe studio? Wapigishe watu kumi kura, kitufe cha kwanza "naiamini", cha pili "siiamini". Mwite yeyote anayebisha aje aijaribu. Au unaogopa?

Bisibisi aliuandika ujumbe huo kibandani, pasi za watu zikimngoja. Aliuandika kwa miezi saba. Alimjua shemeji yake: mtu wa kusifiwa kwanza, ndipo ashikwe.

Naye akashikika. Alitangaza siku, akamwalika msemaji wa Tume, na mashine ikawekwa mezani mbele ya kamera. Aliposema, "Anayebisha na aje," hakutarajia mlango kufunguliwa na shemeji yake wa kike mwenye bisibisi sikioni.

Alitabasamu kwa shida. "Karibu, dada."

"Niite shemeji. Watu wajue tunavyojuana."

Watu kumi, wafanyakazi wa studio na wa Tume, walibonyeza kitufe cha kwanza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema kwa sauti kwamba anaiamini. Msemaji akamtazama Bisibisi kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Nipe dakika mbili," alisema Bisibisi. "Na ufunguo wa kabati hilo nyuma yako, shemeji."

Shemeji aligeuka kulitazama kabati. Kamera ilikuwa ikimtazama, akautoa. Ukaingia ubavuni mwa mashine kama umezaliwa humo. Bisibisi akachomoa kadi, akaweka nyingine ya majaribio iliyobaki katika koti lake la kazi siku alipofukuzwa, akafunga. Hata dakika mbili hazikutimia.

"Chapisha matokeo."

Karatasi ilitoka taratibu. Wanaoiamini: sifuri. Wasioiamini: kumi, zile kura za majaribio alizozipiga mwenyewe ghalani kwa kitufe cha pili.

Msemaji alianza kusema neno juu ya mazingira halisi ya kituo, lakini Bisibisi alikwisha kuzinyanyua barua mbele ya kamera. "Hizi ndizo barua ambazo gazeti lilisema hazipo. Muhuri ni wa ofisi yako. Saini hii ni ya nani, shemeji?"

Shemeji aliwapungia mkono watu wa kamera wakate. Matangazo yakawekwa upesi, lakini nchi ilikwisha kuona.

Mashine zilirudishwa ghalani zote. Mkuu wa zamani wa Bisibisi akastaafishwa, na shemeji akaondolewa kipindini na gazetini siku moja. Alikuja kibandani, shati limekunjamana.

"Umeniua, shemeji."

"Sijakuua. Nimekutoa ukurasa wa mbele tu."

Jioni dada alipiga simu. Hakumtetea mumewe. "Miaka miwili ulijua utafanya nini. Ungeniambia hata siku moja kabla, ningezima televisheni. Watoto walikuwa wanakunywa chai."

Bisibisi aliweka chini pasi aliyokuwa akiitengeneza. "Kwa watoto, nisamehe. Kwake yeye, siombi radhi."

Dada akakata simu, na kwa muda mrefu hakuipiga tena. Hilo lilimuuma, wala hakujidanganya kwamba halikumuuma.

Tume ilimwita arudi kazini. Alikubali kwa sharti moja: gazeti limwombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi nene zile zile, na limtaje aliyemchafua. Walibishana naye wiki nzima, wakachapisha.

Alilipeleka gazeti kwa mama yake. Mama hakuwa na miwani karibu, akamwambia amsomee. Alimsomea mpaka mwisho.

"Soma tena," mama alisema. "Na ukifika kwenye jina la mkwe wangu, soma polepole."