Benchi la Mwisho Kuhama

Mjane wa seremala alikuwa amepiga kinanda katika kanisa la Methodisti tangu usichana wake, na hakuwa mtu wa kukataa jambo. Mchungaji alipotangaza kwamba jengo jipya limekamilika, na kwamba Jumapili ijayo ibada itaanzia kwenye la zamani na kumalizikia kwenye jipya, mjane alipiga wimbo wa kufungia kama kawaida. Lakini walipofika nyumbani alimwambia wifi yake, dada wa marehemu, kwamba yeye hahami.

Wifi hakubishana. Tangu msiba walikuwa wakiishi nyumba moja, wakitaniana asubuhi na kununiana jioni, na walijuana ndani nje.

Sababu za kuhama zilikuwa wazi. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja, mvua ikinyesha kwaya ilihamia upande wa pili, na waumini waliokosa nafasi walisali wamesimama nje juani.

Jumapili ya kuhama wazee wa kanisa walimwomba mjane asimulie historia, maana bibi yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Akaeleza jinsi wanawake wachache walivyoanza kuimba sebuleni kwa fundi cherehani, wakisukumia vitambaa pembeni ili wapate pa kupiga magoti. Sebule ikajaa, wakaazima ghala la mbao la kuwekea nafaka. Ghala likaungua, wakajenga kwa mawe waliyoyabeba wenyewe kutoka mtoni. Yote hayo aliyasema bila kuyumba. Alipofika kwenye mabenchi, yaliyochongwa na mume wake, akaishia hapo, akarudi kuketi.

Kisha watu wakabeba mabenchi yao na kupanda barabara wakiimba, kinanda kikiwatangulia kwenye mkokoteni. Mjane alibaki benchi la nyuma, jengo likiwa tupu mbele yake. Wifi akaja akaketi kando yake, akavua viatu.

"Wewe nenda," mjane alimwambia. "Mimi nafunga madirisha."

"Madirisha yameng'olewa tangu jana."

Mjane alicheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio. Wifi alimwacha alie mpaka atosheke.

"Nikitoka hapa nitakuwa nimemwacha," mjane alisema mwishowe.

"Kaka yangu hayumo humu, wifi. Siku ya mazishi tulimleta, tukamwombea, tukamtoa. Aliyebaki ni wewe."

Kutoka mbali waliusikia msafara ukiimba, na kadiri mjane alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyokunjamana. Wimbo ulikuwa umeanzishwa juu mno. Alijua kabisa kwamba kwenye ubeti wa mwisho waimbaji wa sauti ya kwanza wangebaki wanapiga mayowe. Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akainuka, akashika upande mmoja wa benchi.

"Shika huko," alisema. "Wanaharibu wimbo wa watu."

Benchi lilikuwa zito, na wifi alikuwa na nyonga mbovu. Walipofika mbele ya kibanda cha kinyozi wakalitua kando ya barabara wakakaa juu yake, wakihema. Mteja mmoja alitoka akawatazama, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu, shuka bado shingoni. Akauliza wanakwenda wapi. Walipomweleza, alimpa kinyozi shuka lake, akamwomba amsubiri, akalitwika benchi begani peke yake.

Kanisa jipya lilinuka rangi na saruji. Watu walikuwa wameketi wakimngoja, Mchungaji akijifanya anatafuta ukurasa. Mjane alipita katikati moja kwa moja hadi kwenye kinanda. Alipogusa noti ya kwanza aliuondoa mkono upesi, kwa vile ilivyopanda darini na kurudi imenenepa. Akaigusa tena, taratibu, akiisikiliza mpaka iishe. Bibi yake alikuwa akisema kwamba ghalani sauti zilifia kwenye magunia. Humu ndani watu wataimba, aliwaza, akaanza wimbo chini kidogo, mahali pake.

Kutoka nyuma kabisa ilisikika besi nzito ambayo hakuijua. Aligeuka, akamwona yule wa nusu kichwa amesimama kando ya benchi, akiimba amefumba macho.

Ibada ilipokwisha mjane alimfuata mlangoni kabla hajatoroka, akamwambia kwamba besi walizo nazo ni mbili, na moja ina kikohozi.

"Mazoezi ni Alhamisi jioni," alisema. "Nitakuwa hapa mapema kufungua mlango."