Goti la Zuleha

…apa kwanza, Winfrida alimwambia, apa hutamwambia mtu, na Bi Mwanne akaapa kwa kaburi la mama yake, sasa huyu hapa ameinamia dagaa wake mchangani Ujiji, ulimi unamwasha, maana siri yenyewe tamu, Zuleha hana goti linalonusa mvua, mwongo mkubwa, msimu mzima anajishika goti, "Jamani, goti linaniuma, mvua hiyo," anaanua dagaa wake wakavu, wa wenzake wanalowa, wanabaki wa kulisha bata, kumbe goti ni simu, programu ya mvua aliyoitunga mwanawe Ashraf huko Dar, na Ashraf alisema wazi, ni ya bure, nakilini, gawaneni, mama mtu akaifutika kifuani kama dhahabu ya harusi… "Shoga, mbona umehamia ukutani kwa Zuleha?" Regina huyo, jirani yake wa kuanika, haachi kitu kipite… "Huku kuna upepo," upepo gani, ni intaneti inayovuja, ndani ya ukuta imejaa kutwa kucha, nje huku bando tunalinunua kama chumvi ya kupimiwa kijiko, na mama yake Zuleha alikuwa akija kwetu kuomba kaa la moto, nani alimfungia jiko?… heri Winfrida, fundi cherehani anayetengeneza na simu, ya Zuleha pia, akamrushia Mwanne programu, akampa na neno la siri la intaneti ya Zuleha… mwambie Regina basi, juzi dagaa wake wote walilowa akalia hapahapa, mwambie… aa, nikimwambia kesho ufuo mzima utaanua pamoja, na mimi nitaonewa wivu na nani, ngoja kwanza, na mimi nionewe kidogo… akachungulia simu ndani ya kanga, wingu limechorwa, akaanza kukunja neti ya kuanikia taratibu, juu kweupe pe, "Shoga, unaanua na jua hili?" "Goti," akasema, goti, Mwanne wewe, hata uongo umeazima kwake?… hapo kifuani kwa Zuleha, aliyetoka kuanua wake, ikapaa sauti ya Ashraf, sauti ambayo hadi jana haikuwamo kwenye programu, kumbe kaiongeza usiku, "Mvua inakuja, anueni, mwambieni na jirani," na kabla hajaiziba ikatoka ileile kiunoni kwa Bi Mwanne, mwambieni na jirani, ufuo mzima umegeuka, Zuleha mkono kifuani, Mwanne neti nusu imekunjwa, wanatazamana kama mtu na kioo, jua bado linawaka, na Regina kashika kiuno: "Haya, magoti mawili hayo. Langu liko wapi?"