Maji ya Saveta

Ndoo nne tu zilipungua katika arobaini, na Aurica hakumwambia mtu.

Saveta, mama mkwe wake, alikufa akiomba maji. Figo zilikuwa zimekwisha, daktari amekataza, na Aurica ndiye aliyemnyima kikombe. Kwa Waromania wa kijiji kile, marehemu huchotewa maji kisimani kwake kila asubuhi kwa siku arobaini, yakapelekwa nyumba moja kunywewa kwa jina lake. Siku yasipofika, huko aliko hushinda na kiu. Aurica aliyapeleka kwa jirani, Bibi Borika, mjane wa Kihungaria, na kila ndoo akaikatia alama kwenye kijiti.

Kisha mahindi yakakauka, tayari kuvunwa. Milenko, Mserbia mwenye mashine ya kuvunia, akaja mlangoni.

"Siku nne hizi, dada, au mngoje mvua iishe. Marehemu hana haraka. Kunguru ndio wenye haraka!"

Aurica alicheka, Mungu amsamehe. Siku nne alikwenda shambani moja kwa moja, na jioni akakata alama kama kawaida. Tangu hapo kila tone la maji lilimkwama kooni.

Siku ya arobaini walikwenda na Bibi Borika kwenye mfereji mkubwa. Trifu, mumewe, akasimamisha mshumaa ndani ya nusu ya kibuyu, macho mekundu kwa kumlilia mama yake. Desturi ni kwamba aliyechota hutaja hesabu kwa sauti, maji yenyewe yakiwa shahidi, ndipo kibuyu kiachiliwe kielee.

"Bibi, zilifika zote?" Trifu aliuliza.

"Nimekunywa zote arobaini," alijibu Borika.

Aurica alishtuka. Bibi kizee akamwinamia sikioni.

"Usinikodolee macho, mwanangu. Zile nne nilizichota mwenyewe kisimani kwenu, na hii nyonga yangu mbovu. Nilipumzika mara tatu njiani. Nikamtaja Saveta kwa Kihungaria, sijui kama huko wanakielewa. Wewe sema arobaini, yaishe."

Ingekuwa rahisi. Kijiti kilikuwa na alama zote, na shahidi alikuwa upande wake. Lakini aibu ilimpanda Aurica mpaka masikioni. Kumwona ajuza yule akisimama kwa mguu mmoja kulimuuma kuliko kutukanwa.

"Haya, Aurica, sema," Trifu alihimiza.

"Arobaini," alisema, kisha akajisahihisha. "Thelathini na sita ndizo zangu. Siku za mavuno sikupeleka, Trifu. Nne alizibeba Bibi Borika."

Trifu hakufoka. Aliachilia kibuyu, akakitazama mpaka kikapita daraja. Kisha akavua kofia, akambusu Bibi Borika mkono, akamshika kiwiko na kumwongoza polepole kuelekea nyumbani, kwenye karamu ya marehemu.

"Na mkeo je?" Borika aliuliza.

"Njia anaijua," alisema Trifu, bila kugeuka.