Magongo ya Daktari Herieth

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Immakulata wa Murubona alikuwa amekonda hasa. Gauni lake la kanisani lilimpwaya mabegani. Majirani wa pale Kasulu waliomuuliza kama ni malaria aliwajibu kwamba ndiyo, ni malaria. Angewaambiaje watu wazima kwamba kinachomtafuna ni vipande vya mti?

Vipande vyenyewe vilikuwa magongo ya besiboli, ule mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwenzake huupiga kwa gongo kisha hutimua mbio. Yalikuwa ya Daktari Herieth, mwenyeji wa Tanga aliyeletwa na kazi hospitali ya Kabanga. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa mchezo huo, na kila timu iliyopita shuleni kwake ilimwachia gongo lenye majina ya wachezaji. Binti aliyarithi yote, mengine yamepasuka, mengine yameliwa na bungua. Alipouliza nani anaweza kuyatengeneza bila kuyaharibu, akaelekezwa kwa Renatus, fundi seremala, mume wa Immakulata.

"Usiyang'arishe, fundi," daktari alimwambia siku ya kwanza. "Makovu yake nayataka. Wewe ziba nyufa tu."

Tangu hapo Renatus hakuwa Renatus. Mtu aliyezoea kugonga kitanda cha mteja huku akipiga soga, sasa alijifungia kimya kwenye karakana yake ya mabati nyuma ya nyumba, gongo mapajani, akilifuta kwa kitambaa laini kama anayemwogesha mtoto mchanga. Alichokonoa ufa kwa sindano, akaunywesha gundi, kisha akalizungushia gongo zima mpira wa baiskeli uliokatwa vipande virefu, akivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gundi ikikauka alilifungua na kulisugua kwa mfupa wa ng'ombe hadi nyuzi za mti zikalala. Na mfupa wenyewe ni ule Immakulata aliokuwa ameuweka kwa ajili ya supu.

"Baba Winnie, mfupa wangu uko wapi?"

"Nimeuazima."

"Mfupa wa supu unaazimwa?"

"Daktari kasema hata wenye mchezo wao wanasugua kwa mfupa."

Daktari kasema. Daktari kapenda. Daktari kauliza. Immakulata alikula ugali wake na maneno hayo, na yakagoma kushuka.

Kilichomchoma kuliko vyote kilikuwa kimeegemea ukuta nyuma ya mlango wa karakana. Ni mchi wa mama yake. Niyubahwe, mama huyo, alivuka nao mpaka pale Manyovu akikimbia kutoka Burundi, mtoto mgongoni, mchi mkononi, sufuria ameiacha jikoni. Sufuria hununuliwa, ndivyo alivyokuwa akisema. Akautwangia sombe, yaani majani ya muhogo, huko Kibondo walikopokelewa, miaka nenda miaka rudi, mpaka ukaisha ncha ukawa mfupi. Mahali pa kushikia aliuchoma alama ya msalaba kwa kisu cha moto. Alipofariki, mchi ukamjia Immakulata, na masika iliyopita ukapasuka kwa urefu. Renatus aliutazama akatikisa kichwa.

"Huu umekwisha. Nitakuchongea mwingine."

"Sitaki mwingine."

Basi ukawekwa nyuma ya mlango, naye akawa anatwangia mchi wa kuazima kwa jirani yake Kezia, ambaye Mungu hakumpa kifuniko cha mdomo.

"Yoo, mama we! Mume fundi, mke anaomba mchi! Na yule wa Kabanga naye anaombaga?"

Ijumaa daktari alikuja. Yeye na Renatus waliinamia benchi pamoja, vichwa vikikaribia kugusana, na Renatus akacheka kicheko ambacho Immakulata hakukisikia tangu enzi za uchumba. Alipoingia na chai, wote wawili wakanyamaza. Afadhali wangetukanana. Alitua vikombe, akatoka, akaenda kuchambua maharage ambayo alikwisha kuyachambua.

Asubuhi yake Renatus alipokwenda kununua mbao, Immakulata aliingia karakana. Juu ya benchi kulikuwa na kitu kimefungwa mpira mweusi toka mwanzo hadi mwisho, kimelazwa juu ya kanga. Kanga yake! Ile aliyoitafuta wiki nzima kumbe ilikuwa imegeuzwa godoro la gongo la mwanamke mwingine! Nyuma ya mlango hakutazama. Alikinyakua kile kitu, akasimamisha bodaboda, safari ya Kabanga.

Njia nzima alipanga maneno. Alimkuta daktari akianika nguo nyuma ya nyumba yake.

"Mama Winnie! Karibu mama, karibu ndani."

"Sikuja kukaa. Nimekuletea mali yako. Mume niachie."

Daktari aliangalia kile kitu, uso ukabadilika. "Hicho si changu, mama. Tafadhali usikifungue."

"Si chako!" Immakulata aliukamata mwisho wa mpira akavuta. Mpira ukazunguka, ukaanguka miguuni pake, na kadiri daktari alivyomsihi ndivyo alivyozidi kuvuta. Kipande cha mwisho kilipochomoka, mti ulilia ka! Ufa ukafunguka, gundi mbichi ikivutika katikati yake. Juu ya ufa, mahali pa kushikia, palikuwa na msalaba uliochomwa kwa kisu.

Immakulata alikaa chini pale pale kwenye nyasi.

"Fundi aliniambia kuna mti mmoja nyumbani anaogopa kuugusa," daktari alisema polepole. "Akaomba ajifunzie kwenye magongo ya baba yangu kwanza. Akasema, nikikosea hapa nitakuomba radhi, nikikosea kule sitakuwa na la kumwambia mke wangu. Jana alinionyesha. Alitaka gundi ikauke hadi kesho, akupe ukitoka misa."

Aibu ilimshika Immakulata. Magongo yale aliyoyachukia, yenye majina ya watu, ukumbusho wa marehemu baba wa mtu, yalikuwa yamefanywa ya kujaribia kwa ajili yake. Alirudi kwa miguu, mchi begani, na kila aliyempungia mkono njiani alimwitikia bila kumwona.

Renatus alikuwa amekaa kwenye benchi tupu, kanga mkononi. Aliupokea mchi, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Gundi ilikuwa bado," alisema.

"Nilikuwa na wivu, Baba Winnie."

"Ungeniuliza."

"Nawe ungeniambia."

Renatus alichukua kisu kidogo, akaanza kukwangua gundi ya zamani, kwa uangalifu, akiukwepa msalaba. Kazi hiyo ilichukua muda. Kisha akapaka gundi mpya, akanyoosha mkono kutafuta mpira.

"Daktari kasema mikono miwili haitoshi," alisema, na Immakulata, Mungu amsamehe, alisikia kidonda kikiwasha tena. "Njoo ushike hapa. Bana kabisa."

Akashika, akabana. Renatus alivuta mpira kwa nguvu zake zote, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ukapita juu ya vidole vya mkewe ukavikaza pamoja na mti. Uliuma. Immakulata hakuvitoa mpaka alipoambiwa.